Gari la kazi kwa biashara ndogo ya usafi: mwongozo kamili wa kulichagua na kulilipia

Kosa linalojirudia ni lilelile. Mtu analipenda gari, anatafuta mkopo wa kulipata, kisha ndipo anajiuliza litabeba nini na litalipiwa na kazi ipi. Miezi minne baadaye springi zimelala, marejesho yamechelewa mara mbili, na mashine ya kuosha bado inakwenda kazini kwa gari la kukodi kwa sababu haikuingia mlangoni.

Hapa tunaanza na mzigo na safari, halafu gari, na mkopo unakuja mwisho. Tenga wiki tatu za kuandika na kupima kabla hujaenda kuangalia gari lolote. Ukilitazama mapema utaanza kulitetea.

Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Orodha ya kazi ulizofanya miezi 3 iliyopita: tarehe, mahali, umbali, na nani alikwenda.
- Taarifa ya fedha zilizoingia na kutoka kwa miezi 12. Kama biashara ni changa, isipungue miezi 6.
- Mikataba ya wateja wa kudumu, hasa ukurasa unaosema wanalipa baada ya siku ngapi.
- Mizani (ile ya kupimia uzito wa mwili inatosha) na tepu ya kupimia.
- Fundi asiye na undugu wala ubia na muuzaji yeyote.
- Kikokotoo na daftari jipya. Utalihitaji hata baada ya kununua.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unahitaji gari lako mwenyewe

Hesabu siku za mwezi ambazo ulilazimika kukodi usafiri, kisha fanya hesabu fupi. Chukua gharama za gari ambazo zipo hata likilala: rejesho, bima, ada, maegesho. Zigawe kwa tofauti kati ya bei ya kukodi kwa siku na gharama ya kuendesha lako kwa siku hiyohiyo. Jibu ni idadi ya siku ambazo gari lazima lifanye kazi kila mwezi ili kumiliki kusiwe ghali kuliko kukodi.

Mfano wa tarakimu tupu: gharama za kudumu ni 60,000 kwa mwezi, kukodi gari na mafuta yake ni 5,000 kwa siku, na kuendesha lako kwa siku ni 1,500. Tofauti ni 3,500. Ukigawa 60,000 kwa 3,500 unapata 17 na kidogo, yaani siku 18. Kama sasa unakodi siku 10, gari bado halijafika wakati wake.

Usijaze pengo hilo kwa wateja unaowategemea kuja. Gari halileti wateja, linawafikia waliopo. Mimi nilijidanganya hapa kwenye gari langu la kwanza, nikahesabu mkataba uliokuwa bado kwenye mazungumzo. Mazungumzo yaliisha, rejesho halikuisha.

Hatua ya 2: Pima mzigo kwa kilo, usikadirie kwa macho

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua magari.

Kila gari lina uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa limejaa kila kitu. Mara nyingi umeandikwa kwenye kibati au stika kwenye nguzo ya mlango, au chini ya bonneti. Toa uzito wa gari likiwa tupu, kinachobaki ndicho linachoweza kubeba: watu, maji, mashine, sabuni, hata rafu utakazofunga baadaye. Angalia pia kama uzito wa gari tupu umemjumuisha dereva. Watengenezaji wengine huhesabu humo dereva wa kilo 75, wengine hawamhesabu.

Panga vifaa vyako sakafuni kama unavyovipeleka kwenye kazi yako nzito zaidi, kisha pima kimoja kimoja. Lita moja ya maji ni kilo moja; wengi wanalijua hilo shuleni na kulisahau kazini. Tazama hesabu ya timu ya watu watatu wanaoosha sakafu za nje kwa presha:

- Watu 3 kwa kilo 75: kilo 225
- Maji lita 300: kilo 300
- Tangi na stendi yake: kilo 30
- Mashine ya presha: kilo 60
- Ngazi, mipira ya maji, ndoo, mopu: kilo 40
- Sabuni na dawa: kilo 40

Jumla ni kilo 695. Sasa weka mzigo huo kwenye vani ndogo yenye uzito wa juu wa kilo 2,000 na uzito mtupu wa kilo 1,350. Inaruhusiwa kubeba 650, kwa hiyo umezidi kwa kilo 45 kabla hujafunga hata rafu moja. Muuzaji atakuambia "linabeba tu". Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Unaweza kutafuta gari kubwa zaidi, au unaweza kumwomba mteja akupe maji kwenye eneo la kazi na kubeba mpira mrefu badala ya tangi lililojaa. Njia ya pili inakupunguzia kilo 300, tena bila gharama. Jaribu kuuliza wateja kabla ya kukopa fedha zaidi.

*Onyo:* Tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa pomoni, kwa sababu maji yana nafasi ya kukimbia. Ukikata kona, yanakwenda upande mmoja na kulivuta gari. Ukifunga breki, yanakuja mbele yote kwa pamoja. Kama ni lazima ubebe maji, nunua tangi lenye kuta za ndani za kukata mawimbi, likae chini, karibu na ekseli, lifungwe kwenye chasisi.

Pima na ujazo. Chukua urefu, upana na kimo cha kifaa chako kikubwa kuliko vyote na uandike. Kipimo utakachokilinganisha baadaye ni cha tundu la mlango, kwa maana gari linaweza kuwa pana ndani na mlango wake ukawa mwembamba.

Ukimaliza hatua hii una namba mbili kwenye karatasi: kilo za kazi nzito kuliko zote, ukiwa umeongeza akiba ya asilimia 15 hivi, na vipimo vya kifaa kikubwa. Gari lolote lisilofikia namba hizo limeshaondoka kwenye orodha, hata liwe zuri namna gani.

Hatua ya 3: Chora safari zako

Rudi kwenye orodha ya kazi. Jumlisha kilomita za wiki ya kawaida na za wiki yenye kazi nyingi. Andika aina ya njia: lami, vumbi, matope, milima. Andika pia mahali gari litakapolala na mahali linapoegeshwa ukifika kwa mteja. Kama unafanya kazi kwenye majengo yenye maegesho ya chini, pima kimo cha lango. Gari refu lenye ngazi juu linaweza kubaki barabarani na vijana wako wakabeba ndoo kwa mguu.

Umbali unaamua na aina ya injini. Biashara ya usafi mara nyingi ina safari fupifupi zenye vituo vingi. Dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi hazipendi maisha hayo, kwani kichujio kinahitaji injini ipate joto na iende mwendo mrefu ili kijisafishe. Safari za dakika kumi kila siku hukiziba, na kukibadilisha ni ghali. Petroli inavumilia zaidi. Gari la umeme linafaa safari fupi zinazojulikana kama una mahali pa uhakika pa kuchaji usiku, ila kumbuka kwamba mzigo mzito unapunguza umbali litakaokwenda.

Hatua ya 4: Chagua umbo la gari kabla ya kampuni iliyolitengeneza

Kwa usafi wa nyumba na ofisi, ambapo unabeba mashine ya kufyonza vumbi, mopu na sabuni, gari dogo lenye viti vya nyuma vinavyokunjwa linatosha. Watu wanalidharau, lakini mafuta yake ni kidogo, spea zake zinapatikana, na kuliuza ni rahisi.

Vani iliyofungwa ndiyo chaguo langu kwa timu nyingi. Vifaa vinalala ndani bila kunyeshewa wala kuonekana, na ubavu wake ni kibao cha tangazo. Udhaifu wake ni viti vichache. Ukipanga kubeba watu nyuma pamoja na mizigo, acha. Ndoo isiyofungwa inakuwa kombora breki zikishikwa ghafla.

Pikapu inafaa kazi za nje zenye matope, taka za bustani na mashine zinazonuka mafuta. Bila kifuniko cha kufungwa kwa kufuli, kila kituo ni nafasi ya wizi.

Na kuna tela, ambalo watu hulisahau. Kama kazi za maji mengi ni siku nne kwa mwezi, gari la kawaida lenye tela la kubeba tangi siku hizo linaweza kuwa nafuu kuliko gari kubwa la kila siku. Hakikisha tu gari lina uwezo rasmi wa kuvuta uzito huo, na leseni ya dereva na bima vinaruhusu.

Hatua ya 5: Kagua, hasa kama limetumika

Gari jipya linapoteza thamani haraka zaidi katika miaka yake ya mwanzo. Lililotumika limeshampa mtu mwingine hasara hiyo, lakini linakuja na siri zake. Kwa biashara ndogo mimi huegemea upande wa lililotumika, ila kwa sharti kwamba ukaguzi haupunguzwi hata kidogo.

Anza na karatasi. Namba ya chasisi kwenye gari ifanane na ya kwenye kadi ya usajili, herufi kwa herufi. Magari mengi duniani yana namba ya herufi na tarakimu 17, na humo huwezi kukuta herufi I, O wala Q. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi, kwa hiyo ufupi peke yake si ishara ya udanganyifu. Kikwaruzo au chuma kilichochomelewa kuzunguka namba, hicho ndicho cha kukutisha. Thibitisha kwa mamlaka ya usajili kwamba gari halina deni la mtu mwingine.

Kisha injini. Omba ulikute limepoa, kwa sababu muuzaji aliyekwisha kulipasha joto anaweza kuwa ameficha tabu ya kuwaka. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata joto unaonyesha maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi. Fungua kifuniko cha oili: utandu kama maziwa mazito ni ishara ya unyevu, na huenda gasketi ya silinda imekufa.

Matairi yana tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) nzuri kwenye tairi kuukuu si salama chini ya mzigo.

Lijaribu barabarani likiwa na mzigo. Weka watu watatu au magunia. Gari tupu halikuonyeshi springi zilizochoka, klachi inayoteleza mlimani wala breki dhaifu. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu lako.

Mwisho mpe fundi wako. Umefaulu hatua hii ukiwa na ripoti yake iliyoandikwa yenye gharama ya kila kasoro. Karatasi hiyo ndiyo utakayopatania bei.

Hatua ya 6: Ishi na rejesho kabla ya kukopa

Hapa ndipo ningependa kila msomaji asimame muda mrefu.

Andika gharama zote za gari kwa mwezi: rejesho, bima, ada, mafuta, maegesho, sevisi, matairi, na fungu la matengenezo usiyoyatarajia. Vitu vinavyolipwa mara moja kwa mwaka vigawe kwa 12. Matairi yagawe kwa miezi unayotarajia yadumu. Jumla itakuwa kubwa kuliko rejesho peke yake, wakati mwingine kwa mbali.

Sasa, kwa miezi 3, hamisha jumla hiyo kila mwezi kwenda akaunti usiyoigusa kwa jambo lingine. Gharama halisi za usafiri unaoutumia sasa, yaani kukodi na nauli, zilipe kutoka kwenye akaunti hiyohiyo, zinazobaki ziache. Fanya hivyo tarehe ileile ambayo mkopo ungedai, bila kuchelewa hata siku mbili.

Miezi hiyo itakufundisha jambo ambalo hesabu za karatasini hazilioneshi. Mteja anayelipa baada ya siku 30 au 60 hakuzuii kupata faida, anakuzuia kuwa na fedha tarehe 5, rejesho linapodaiwa. Biashara inaweza kuwa na faida nzuri mwaka mzima na bado ikashindwa rejesho la mwezi mmoja.

Ukifika mwisho bila kukopa kwa ndugu na bila kuchelewesha mshahara, una ushahidi wa kumwonyesha mkopeshaji, na fedha iliyobaki inaingia kwenye kianzio, yaani malipo ya awali ya gari. Ukishindwa mwezi wa pili, umeshindwa bila kunyang'anywa chochote.

Fanya na jaribio moja zaidi: chukua mwezi mbaya kuliko yote 12, mwondoe mteja wako mkubwa, uone kama rejesho bado linalipika angalau miezi miwili kwa akiba uliyonayo. Kama halilipiki, punguza ukubwa wa gari. Usirefushe mkopo.

Hatua ya 7: Chagua namna ya kulipia

*Fedha taslimu* huondoa riba, lakini usimalize akiba yote. Gari bila fedha za sabuni na mishahara ni pambo. Acha gharama za miezi miwili ya biashara.

*Mkopo wa benki au wa ushirika wa akiba na mikopo*: gari ni lako, nalo linakuwa dhamana. Ushirika unaokujua mara nyingi husikiliza zaidi mwezi ukiwa mgumu.

*Ununuzi wa awamu*: unalitumia, lakini umiliki unahamia kwako ukimaliza malipo. Ukikwama karibu na mwisho unaweza kulipoteza baada ya kulipa sehemu kubwa, kwa hiyo uliza mapema ni nini hutokea.

*Murabaha*: taasisi inalinunua gari na kukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa tangu mwanzo, ukilipa kidogo kidogo. Uzuri wake ni kwamba jumla haibadiliki.

*Kukodishwa kwa mkataba mrefu*: unalipa kila mwezi na kulirudisha. Soma kikomo cha kilomita na kipengele cha uchakavu. Gari la usafi hupata madoa ya kemikali na mikwaruzo ya ndoo, na vyote hivyo utatozwa.

Sasa riba. Wakopeshaji wawili wanaweza kukutajia asilimia 12 kwa mwaka na wakamaanisha vitu viwili tofauti. Mmoja anatoza juu ya salio linalopungua, mwingine anatoza juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, hata ukiwa umebakiza kidogo. Kwa mkopo wa 1,000,000 wa miezi 36:

- Salio linalopungua: rejesho ni kama 33,214 kwa mwezi, riba yote karibu 195,700.
- Mkopo wa mwanzo: rejesho ni 37,778 kwa mwezi, riba yote 360,000.

Huyo wa pili, ukimgeuza kwenye kipimo cha wa kwanza, anakutoza karibu asilimia 21. Hajasema uongo, hukumuuliza.

Kwa hiyo uliza swali moja tu, na ulitake jibu kwa maandishi: "Nikisaini leo, jumla ya fedha zote nitakazotoa hadi siku ya mwisho ni kiasi gani, pamoja na ada za maombi, tathmini, bima na kifaa cha kufuatilia gari?" Toa bei ya gari kwenye jumla hiyo, ndipo ulinganishe mkopeshaji na mkopeshaji.

Jihadhari na rejesho dogo lenye malipo makubwa ya mwisho. Na muda wa mkopo usizidi miaka ambayo fundi wako anaamini gari litafanya kazi bila matengenezo makubwa. Kulipia gari lililo juu ya mawe ni uchungu wa aina yake.

Hatua ya 8: Mkataba na bima

Kaa na mkataba usiku mmoja kabla ya kusaini. Tafuta vipengele vinne: adhabu ya kuchelewa, adhabu ya kulipa mapema, siku ambazo mkopeshaji anakupa kabla ya kulichukua gari, na nani anashika kadi. Omba tarehe ya rejesho iwe siku kadhaa baada ya wateja wako wakubwa kulipa. Wengi hawajui kwamba tarehe hii mara nyingi inajadiliwa.

Bima itaje matumizi ya biashara. Ukikata ya matumizi binafsi na ajali ikatokea ukiwa na mashine na wafanyakazi, dai linaweza kukataliwa. Bima ya gari pia kwa kawaida hailindi vifaa vilivyomo, kwa hiyo ulizia kinga yake peke yake. Na kama gari likiharibika kabisa, bima hulipa thamani ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa ndogo kuliko deni lililobaki. Kianzio kikubwa ndicho kinga nafuu ya pengo hilo.

Hatua ya 9: Lipange, kisha liandikie daftari

Weka ukuta imara kati ya viti na mizigo. Vizito vikae chini, vifungwe kwa mikanda. Mopu mbichi zipate hewa, la sivyo gari litanuka kabla ya wiki kwisha, na mteja hushuku usafi wa mtu anayenuka ukungu.

*Onyo la kutochezea:* Dawa zenye klorini zikae kreti tofauti na tindikali za choo na vigae, na tofauti na dawa zenye amonia. Klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa kloramini. Ndani ya vani iliyofungwa, chupa mbili zilizopasuka zinatosha kumuumiza vibaya dereva. Jenereta na mashine za petroli zizimwe na zipoe kabla ya kupakiwa, na zisiwashwe kamwe ndani ya gari.

Vikishapangwa, lipeleke gari lililojaa, pamoja na watu wake, kwenye mizani ya magari. Linganisha na kibati cha mlangoni. Hiyo ndiyo hukumu ya hatua ya 2.

Lile daftari jipya sasa linaingia garini. Kila siku: kilomita za kuanzia, za kumalizia, mafuta, kazi zilizofanyika. Baada ya siku 90 gawa gharama zote kwa idadi ya kazi. Tarakimu utakayoipata iingie kwenye kila makadirio unayompa mteja, na kazi ya mbali isiyoibeba ikataliwe au ipandishwe bei.

Siku ya rejesho la mwisho usiondoke na risiti peke yake. Omba barua ya kumaliza deni, ifikishe kwa mamlaka ya usajili ili jina la mkopeshaji lifutwe, na usubiri mpaka kadi iko mkononi ikiwa na jina lako tu.